Nyumba haiachwi peke yake

Ijumaa alasiri gari liliondoka kwenda Ruangwa na watu saba, mabeseni mawili ya vitumbua na godoro juu ya keria. Mpwa wangu ni mwali, anatolewa unyagoni, na shughuli ile ni ya kina mama. Mke wangu na binti zetu wawili, wazaliwa wa Berlin, walishafungwa kanga kabla hawajaelewa vizuri wanapelekwa wapi. Mimi nikaambiwa nibaki. "Nyumba haiachwi peke yake," alisema Mama, akanikabidhi funguo na maagizo: kuku wafunguliwe alfajiri, maji yakitoka yajazwe mapipa yote mawili, mlango wa uani usisahauliwe.

Nina miaka 43. Nimezaliwa hapa hapa Lindi mjini, na sikumbuki usiku hata mmoja niliolala peke yangu ndani ya nyumba hii.

Upweke wa wikendi naujua, ila ni wa kule Berlin tunakoishi. Mke wangu akiwa na zamu na watoto wakiwa kwa rafiki zao, Jumamosi nafua, kisha nakimbilia dukani, maana Jumapili maduka yamefungwa. Na Jumapili yenyewe! Huchimbi ukuta, hugongi msumari, hata chupa tupu hutupi kwenye pipa lake, jirani asije akakugongea mlango. Nikishachoka kutazamana na kuta naenda makumbusho, nasimama chini ya mjusi wetu wa Tendaguru, yule dinosaria aliyetoka huku Lindi. Mita 13 na ushei kwenda juu. Mifupa ile ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, ikabebwa na wapagazi wa huku kwa miguu, siku kadhaa porini, mpaka bandari ya Lindi, ndiyo ikapakiwa melini. Huwa namsalimia kimoyomoyo, kama mtu wa kwenu uliyekutana naye ugenini. Nilipomwonyesha Mama picha zake aliuliza swali moja tu: "Na nyie mnalipa kuingia?"

Tunalipa.

Basi Jumamosi nikadhani nitalala hadi jua lipande. Jogoo hakukubali. Maji nayo yalitoka gizani, na mpaka nipate mpira na kujua unachomekwa wapi, pipa moja likajaa, la pili likaishia nusu, bomba likaanza kukohoa. Nikarudi kitandani, madirisha sikufungua. Kosa. Kabla ya saa tatu walishapita watu wawili kubisha hodi kuuliza kama naumwa. Wa pili alikuwa shangazi wa nyumba ya pili (si shangazi wa damu, lakini kanilea). Hakungoja jibu, aliniletea sahani ya ming'oko ya kuchemsha na chumvi iliyotwangwa na pilipili. Nilikaa kizingitini nikamenya mmoja mmoja. Ganda lake jembamba linakwama kwenye kucha, na mzizi wenyewe una utamu wa mbali, hauji mpaka umeshatafuna kidogo. Kule nikikaa siku mbili sijasema na mtu, hakuna anayejua.

Jioni nikashuka ufukweni, nikatazama boti zikivuka kwenda Kitunda, nikanunua changu wawili. Hapo ndipo kiburi kiliponiingia: nitapika wa nazi. Kule navunja pakiti tu, dakika moja tui liko sufuriani. Huku nikaivunja nazi, maji yake nikayamwaga nje ya kikombe, nikakalia mbuzi na kuinamia ule ulimi wa chuma. Kukuna nazi nilikuwa nawaona wakikuna tangu mtoto, kumbe kuona si mkono. Unaanzia ukingoni, unazungusha kifuu polepole, ukifika kwenye weusi unaacha. Mimi sikuacha. Nazi ikatoka na vumbi la kahawia, na kidole cha shahada kikaacha alama yake humo. Shangazi alikuwa ananitazama juu ya ua. Alivumilia kifuu kimoja, cha pili akashindwa: "Mwanangu, unakuna nazi au unachonga mtumbwi?" Lakini hakuja kunipokea. Tui nikalikamua, nikachuja mara mbili, likabaki na rangi ya chai ya maziwa. Changu niliwala wote wawili, na wali kiasi, nikaacha chungu juu ya jiko. Usiku nilikagua mlango wa uani mara tatu.

Jumapili haina habari. Nilifagia, nililala, nilihesabu kuku.

Walirudi magharibi, binti zangu wamepauka vumbi, wanaongea wote kwa pamoja, mdogo ameshajifunza wimbo ambao mama yake alimwomba asiuimbe barazani. Mama hakukaa. Alikwenda uani, akapiga pipa la pili kwa kiganja, akasikiliza mlio wake. Akahesabu kuku. Akaingia jikoni, akafunua chungu, akachovya kidole.

"Nazi kakuna nani?"

"Mimi, Mama."

Akageukia ungo niliokuwa nimeweka chicha, akazichambua na vidole kidogo, akanyanyua ungo mzima na kutoka nao nje.

"Kesho kuku watakushukuru," alisema.