Jakaranda na kangaga: majani ndugu, maisha mbali mbali

Chukua jani la jakaranda ulilaze karibu na jani la kangaga la porini, lile wataalamu wanaliita Pteridium aquilinum, alafu mwambie mtu akuonyeshe lipi limetoka kwenye mti. Wengi wanakwama, maana yote yamegawanyika na kugawanyika tena mpaka unabaki na vijipande vidogo vidogo.

Sasa yageuze. Kangaga kwa chini, pembeni kabisa pale ukingo umejikunja, ndo kunakaa spora, vumbi la kahawia hivi ambalo kangaga hutumia kuzaana. Jakaranda hapo hamna kitu, mambo yake ya uzazi yako juu kwenye maua. Na jani changa la kangaga linachomoza ardhini limejiviringa kama mkia wa kinyonga, jakaranda haifanyi hivyo.

Jakaranda asili yake Amerika Kusini na kila mtu anaisifia, sawa, inastahili, mti mzima unakuwa zambarau mara nyingi hata kabla majani hayajarudi, nyuki wanakuja, baadae yanabaki maganda magumu bapa ya duara yakikauka yanapasuka na mbegu zenye mabawa zinaondoka na upepo. Yote hayo unayaona kwa macho.

Ila mimi kangaga ndo linanishangaza zaidi aisee. Spora ikidondoka penye unyevu haioti kangaga! Inaota kimmea kingine kabisa, bapa, chembamba, kidogo kuliko ukucha, na hicho ndo kinatengeneza yai na mbegu za kiume, na hizo mbegu za kiume lazima ziogelee kwenye maji, hata utando mwembamba tu wa maji unatosha, zikilifikia yai hapo sasa ndo kangaga lenyewe linaanza. Watu waliishi na makangaga miaka yote hiyo bila kujua yanazaanaje, mpaka mwaka 1851 mtaalamu wa mimea Wilhelm Hofmeister wa Ujerumani ndo akaueleza huu mzunguko vizuri.

Na usidhani ni dhaifu kisa halina maua. Shina lake linatambaa chini ya ardhi, moto ukipita juu majani yanaungua, baada ya muda linachipua tena, ndo maana limeenea karibu dunia nzima. Ila kama una ng'ombe usiache wakalila, lina sumu inayoweza kuleta kansa na inapita mpaka kwenye maziwa. Hapo jakaranda inashinda, sibishi.