Kidole gumba cha Titus

Jamani jana usiku nimekaa na picha moja kwenye simu mpaka macho yakaniuma. Ni ile Rembrandt, mchoraji wa zamani wa Uholanzi, aliyomchora mwanae Titus mwaka 1655, iko Rotterdam hukohuko, dogo ana kama miaka 14 hivi, ameegemea deski, kalamu mkononi ila haandiki, kidole gumba amekikandamiza usoni yaani kama mtu aliyezama mbali kabisa. Nikaizum hapo kidoleni nikabaki kimya. Kitu kile anakiona mzazi tu, mtu aliyekuangalia siku nyingi ukiwa kwenye mawazo yako na wewe wala hujui kama unaangaliwa. Deski kalipaka rangi nzito, brashi inapita kwa mapana, ila uso wa mtoto kaupapasa taratibu.

Mzee alikuwa anakaribia 50, mama yake Titus alishafariki 1642 mtoto hajafika hata mwaka, halafu 1656 madeni yakamzidi akafilisika. Titus akafa 1668, baba akamfuata 1669.

Wangu naye ana 14. Nimeinuka nikaenda kumchungulia amelala, mara mbili.