Diski ya baba na amana za watu

Baba alikuwa ameshafariki na mama bado yumo edani aliponiita akaniambia, "Mwanangu, ile kompyuta ya baba yako usimwache mtu akaichezea. Mna amana za watu mle."

Nilikuwa nalijua hilo. Baba alipostaafu ualimu alirudi kwenye mikarafuu yetu ya Mtambwe, hapa Pemba, na kila msimu baadhi ya wachumaji walimwachia pesa zao awawekee, huyu mpaka Sikukuu, yule mpaka watoto wafungue skuli. Daftari hakulipenda. Alikuwa na kompyuta ya mezani aliyoinunua ikiwa imeshatumika, ya Windows 7, yenye diski ya GB 160, na humo aliandika kila kitu kwa kidole kimoja: jina, kachuma pishi ngapi, kalipwa ngapi, kaweka ngapi. Mali ya maiti haigawiwi mpaka madeni yake yalipwe, na pesa ya mtu aliyokuamini nayo ina uzito wake peke yake. Hatukuwa na njia ya kuzijua amana hizo ila kwa kuiwasha mashine ile.

Nikaiwasha. Ikagonga. Tik, kimya, tik, kimya, kisha skrini nyeusi. Nikaizima nikaiwasha tena, na tena, mara nne kwa jumla, na hilo ndilo ninalolijutia mpaka leo. Ndani ya diski ya aina ile mna visahani vinavyozunguka mara 7,200 kwa dakika, na juu yake kichwa cha kusomea kinaelea bila ya kugusa. Ile sauti ya kugonga ni kichwa kinachotafuta njia yake hakiioni, kinarudi kuanza upya. Ukiendelea kuiwasha, unakipa nafasi ya kukwaruza na kile kilichobaki kizima.

Fundi mmoja niliyempelekea aliisikiliza kidogo akasema tupige windo upya, yaani tusakinishe Windows upya, itawaka. Pengine ingewaka kweli. Lakini kupiga windo upya juu ya diski ile ni kuandika juu ya maandishi ya baba. Nikaibeba nikarudi nayo nyumbani. Wewe ukipeleka kompyuta kwa fundi, neno la kwanza liwe vitu vilivyomo ndani, kabla hata hujamwambia ina tatizo gani.

Jioni nikampigia mtoto wa ami aliyeko Unguja, ambaye kazi zake ndizo hizi. "Dada, izime. Usiiwashe tena mpaka uwe na diski ya kunakilia, tena iwe kubwa kuliko hiyo." Akaninunulia SSD, diski ya kisasa isiyo na visahani, ya GB 240 kwa shilingi 70,000, akaitia kwenye boti asubuhi pamoja na fleshi mbili, na mchana nikaipokea Mkoani. Njia nzima ya kurudi Wete niliipakata kwenye daladala.

Ijumaa baada ya sala nikalifungua kasha. Chumba kile baba alikuwa akiwekea magunia ya karafuu kavu, na vumbi lililotoka mle lilinukia karafuu. Nilikaa nalo kidogo kabla ya kulifuta. Skrubu za nyuma zilikuwa na kutu, hewa ya bahari haina huruma na chuma, ikabidi niziloweshe mafuta ya cherehani ndipo bisibisi ya nyota ikashika. Kabla ya kugusa chochote ndani nilichomoa waya wa umeme na kuweka mkono kwenye chuma kitupu cha kasha, maana umeme mdogo wa mwilini unaweza kuua saketi bila wewe kuhisi.

Nilichokuwa nakiogopa ni aina ya waya. Kompyuta za zamani zaidi zilikuwa na utepe mpana wa pini 40, na ukiukuta huo, SSD za siku hizi haziingii bila ya kibadilishi. Alhamdulillahi, ya baba ilikuwa ya SATA, waya mwembamba wa data na mwingine mpana kidogo wa umeme. Ila hapakuwa na waya wa ziada wa kufungia diski ya pili. Mtoto wa ami akanambia kwenye simu niazime za kisomea DVD, kwani ni zilezile. Nikazichomoa huko nikazitia kwenye SSD.

Fleshi ya kwanza ilikuwa na Linux, mfumo wa kompyuta kama Windows ilivyo, inayowaka hapohapo bila ya kusakinishwa, na ndani yake programu ya ddrescue. Programu hii imeandikwa kwa ajili ya diski zinazokufa. Hainakili kwa pupa. Hupita kwanza ikichukua kinachosomeka kwa urahisi, pakigoma inaruka mbele, halafu ndiyo hurudi kwenye mabovu kuyajaribu. Kila ilichochukua na kila ilichoruka inakiandika kwenye faili la ramani, na ramani hiyo mtoto wa ami alinihimiza niihifadhi kwenye fleshi ya pili. Kosa kubwa hapa ni kugeuza pande. Ukiandika diski mpya mahali pa ya zamani, utaijaza ya zamani utupu kwa mikono yako. Niliandika kwenye karatasi, 160 inatoka, 240 inapokea, nikalinganisha na skrini mara tatu, nikasoma Bismillahi, nikabonyeza.

Usiku kucha niliisikiliza. Saa nyengine inakwenda vizuri, saa nyengine inakwama mahali pamoja na kugonga, na mimi nimekaa kwenye jamvi nikiwa na simu mkononi. Saa nane za usiku umeme ukakatika Wete yote.

Sisi umeme wetu tangu 2010 unatoka Tanga kwa waya uliopita chini ya bahari, na kabla ya hapo tulitegemea majenereta ya Wesha, kwa hiyo giza si geni kwetu. Lakini usiku ule nililia. Ulirudi alfajiri. Nikaiwasha, nikarejea amri ileile na ramani ileile, na ikaendelea pale ilipoachia, haikuanza upya. Bila ya fleshi ile ya pili ningeilazimisha diski mbovu kusoma tena yote iliyokwisha kuyasoma, na sidhani kama ingefika.

Adhuhuri ya Jumamosi ilimaliza. Katika GB 160, MB 11 tu ndizo zilizogoma kabisa.

Nikaiondoa ya zamani. Mbili zenye nakala sawa zisiachwe pamoja, Windows inazichanganya. SSD ni ndogo kuliko nafasi ya diski ile na sikuwa na kishikilio chake, ila haina kitu kinachozunguka ndani, basi nikaibandika ukutani mwa kasha kwa tepu ya pande mbili. Na kwa kuwa saa ya kompyuta ilikuwa ikirudi 2009 kila ikizimwa, nikabadilisha na betri yake, ile ya mviringo ya CR2032.

Hapo nikapata skrini ya buluu, ile ya Windows kugoma kuwaka. Moyo ulinitoka. Kumbe ile betri kufa na kutolewa kumeirudisha bayosi, programu inayoanza kabla ya Windows, kwenye mipangilio ya kiwandani, na namna ya kuzungumza na diski ilikuwa imegeuka kutoka IDE kuwa AHCI. Windows 7 iliyozoea moja haiwaki kwa nyengine. Nikairudisha kama alivyoiacha baba, ikawaka kwa kasi ambayo mwenyewe hakuwahi kuiona. Intaneti sikuiunganisha na sitaiunganisha, maana Windows 7 iliacha kupewa marekebisho ya usalama tarehe 14 Januari 2020. Vinavyotoka humo vinatoka kwa fleshi.

Picha kadhaa za harusi ya mdogo wangu zimebaki nusu, chini ni kijivu kitupu. Faili la karafuu lilifunguka zima.

Nilimsomea mama majina mlangoni mwa chumba chake. Watu 14. Kaka akapita kwao mmoja mmoja. Bibi mmoja wa Micheweni alikuwa ameweka shilingi 180,000 na hakuja kudai, alimwambia kaka kwamba aliona haya kutaja pesa kwenye msiba. Wameshalipwa 12. Wawili waliobaki simu zao hazipatikani, na mama anasema kaka aende mwenyewe mpaka Konde akawaulizie.