Kifaru kimeisha, walahi nimelala na furaha

Jana saa sita usiku nimemaliza kuunda Sherman yangu, modeli ya kifaru cha vita cha Marekani, ya skeli ya 1/35 (yaani ndogo mara 35 kuliko cha kweli), miezi mitatu nzima hapa Majengo, kila baada ya isha nakaa dirishani na taa na pinseti mpaka mamangu anagonga ukuta. Nimeipaka rangi ya mchanga kama zile Waingereza waliingia nazo vitani El Alamein, Misri, Oktoba 1942.

Lakini kazi yenyewe ni wale askari wadogo wa modeli jamani. Mtu mzima kwa skeli hii ni kama sentimita tano tu, na uso unataka rangi ya ngozi kwanza, halafu kahawia nyepesi ya maji maji iingie kwenye mikunjo, halafu ung'arishe pua na mashavu, macho nimeweka kwa ncha ya kijiti cha meno huku nimeshika pumzi.

Wiki jana niliumia sana, nilipuliza vanishi ya kuua mng'ao na hewa imejaa unyevu, ikafanya ukungu mweupe kifaru chote. Nikarudia upya. Sasa napuliza saa nane mchana, jua kali, hapo inakauka safi.

Kamanda anachungulia juu ya mnara wa kifaru, mashallah, namwangalia tu.