Samaki wa Bada Shanren na Farasi Mwenye Mbavu 15

Nanchang, mji mkuu wa jimbo la Jiangxi ninakoishi, ndiko alikozaliwa mwaka 1626 mchoraji Zhu Da, ambaye Wachina humjua zaidi kwa jina la Bada Shanren. Jumba la makumbusho yake liko hapa hapa, katika eneo la Qingyunpu, na kila Mswahili anayenitembelea nampeleka huko, kwa sababu watu wetu huambiwa kwamba wanyama katika michoro ya wino ya Kichina ni alama za heri tu: samaki ni neema, korongo ni umri mrefu; nami nataka waone kwamba si hivyo tu.

Bada alikuwa wa ukoo wa kifalme wa Ming. Utawala huo ulipoanguka mwaka 1644 na Wamanchu, watu wa kaskazini-mashariki, wakaitwaa nchi, nasaba yake ikawa hatari kwa uhai wake, akanyoa nywele na kuwa mtawa wa Kibuddha. Miaka mingi baadaye akawa anachora samaki mmoja katikati ya karatasi tupu, pasipo hata mstari mmoja wa maji, na mboni ya jicho lake imesogezwa juu kabisa hata weupe ukatawala. Tangu kale Wachina huusoma weupe huo kuwa ni dharau, kama vile kwetu mtu anavyomkata mwenzake jicho. Samaki huyo amenyang'anywa maji yake, wala hamsujudii aliyeyachukua.

Farasi wanaotimua mbio wa Xu Beihong, mchoraji wa karne ya 20, nawaheshimu, hasa kwa kuwa wakati wa vita dhidi ya Japani aliuza michoro yake ili kuwasaidia wahanga, lakini wao husema waziwazi, nami nimelelewa na mashairi yanayofumba.

Kwa hiyo farasi ninayempenda ni wa Gong Kai, mchoraji na ofisa wa utawala wa kifalme wa Song aliyeishi katika ufukara baada ya Wamongolia kuumaliza mwaka 1279. Farasi wake amekonda, ameinamisha kichwa, na mbavu zake zimetokeza zote. Katika maandishi aliyoyaambatanisha na mchoro, Gong Kai anaeleza kwamba farasi wa kawaida ana mbavu kama 10 hivi, na kwamba ni yule tu awezaye kukimbia li elfu moja (li ni kipimo cha Kichina, kama nusu kilomita) ndiye mwenye 15, ambazo hakuna awezaye kuzihesabu mpaka farasi mwenyewe akonde.