Nilimwomba Kofia, Akaniletea Uji

Mwaka 2013 nilikuwa nafundisha darasa la awali katika shule moja ya Kiingereza mjini Tanga. Watoto 31, wengi wa miaka mitano, na nyumbani kwao ni Kiswahili kitupu. Saa nne asubuhi ilikuwa saa ya uji. Siku hiyo nilikaa barazani naandika majina ndani ya kofia za sare, maana kila wiki zilikuwa zinapotea mbili tatu. Nikamwita binti mmoja, mdogo kuliko wote: "Bring me your cap."

Akaja na kikombe. Amekishika kwa mikono miwili, macho kwenye uji usimwagike. Nikamwambia, "No, your cap." Akakitazama kikombe, akanitazama mimi, akageuka. Aliporudi kilikuwa kimejaa hadi ukingoni. Alikuwa amekwenda kwa dada wa jikoni kuongezewa. Nikamfokea. Wenzake wakacheka, naye akabaki amesimama mbele yangu, midomo inamtetemeka, bado ananinyooshea ule uji niupokee.

Usiku ule nilijisemea maneno yale mawili kitandani, cap, cup, cap, cup, ndipo nikaona kwamba mtoto hakukosea kitu. Kiswahili kina irabu tano tu, na a yetu ni moja. Sikio lililolelewa na a hiyo huzipokea sauti zote mbili za Kiingereza na kuzitia kapu moja. Kwake kofia na kikombe vilikuwa neno moja, akaleta kile alichokuwa nacho mkononi. Nami tangu Januari nilikuwa nawaimbisha, "a, cat, a, hat", wakiitikia kwa nguvu mpaka darasa la pili linalalamika, nikidhani wanasikia ninachosikia mimi.

Nikaacha kuwaimbisha. Kwa siku kadhaa hakuna aliyetakiwa kutamka chochote. Nilifunika mdomo kwa daftari. Nikisema cap wanashika kichwa, nikisema cup wanajifanya wanakunywa. Siku ya kwanza ilikuwa kubahatisha, kila mmoja anamchungulia jirani yake. Siku ya pili nikawaambia wafumbe macho.

Siku ya tatu niliiondoa daftari, nikaivuta ile irabu ya cap kusudi, ndefu, midomo nimeitanua, kidevu nimekishusha. Mvulana wa nyuma akasema, "Ticha, unalia kama mbuzi!" Alisema kweli. Sauti ya mbuzi iko hapo hapo, kati ya a na e, na mbuzi wa majirani walikuwa wanapita uani kwetu kila siku. Tukalia wote. Kisha tukaanza kumkatisha mbuzi: nikiinua mkono wanalia, nikiushusha ghafla wananyamaza, kila mara mapema zaidi, mpaka kikabaki kipande kifupi tu cha sauti. Kipande hicho ndicho tulichokitia katikati ya c na p.

Wengine walimpenda mbuzi kupita kiasi, wakateleza hadi kwenye e yetu, "bad" ikawa "bed". Hapo tukategemea kidevu. Vidole viwili chini yake: kwenye bed kinashuka kidogo, kwenye bad kinashuka zaidi. Hilo mtoto analigusa kwa mkono wake mwenyewe, hata kama sikio bado lina mashaka, na mpaka leo sijapata njia niipendayo zaidi ya hiyo.

Kofia ya yule binti ilikuwa bado haina jina. Wiki iliyofuata, saa ya uji, nilimwita tena, nikamwambia maneno yale yale, mara moja tu. Akakiweka kikombe chini, kando ya ukuta. Akatia vidole viwili chini ya kidevu, akalisema neno polepole, peke yake, akalirudia. Kisha akakimbilia darasani, kwenye misumari tulikotundika kofia.