Rampu ya kupanda mwenyewe: tulivyoipata kwenye zahanati ya wodi yetu

Ukiona rampu, ile njia ya mwinamo inayopita mahali pa ngazi, mbele ya jengo la umma, ipime kwanza kabla ya kushangilia. Nyingi nilizopima Kisumu mjini na vijiji vya uwanda wa Kano zimejengwa, zimepakwa rangi, hata mchoro wa kiti cha magurudumu upo ukutani, lakini mtu aliye peke yake kwenye kiti hicho hawezi kuzipanda. Ninayoeleza hapa ni kazi ya zahanati moja ya upande wa Kano. Ilikuwa na ngazi tatu tupu; sasa ina rampu ambayo mtu huipanda kwa mikono yake mwenyewe, bila kuomba msukumo. Ilituchukua mizunguko miwili ya bajeti.

Sheria haikuwa tatizo. Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote, kutumia usafiri wa umma na kupata habari. Kulikuwa na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003, na sasa iko ya 2025 iliyochukua nafasi yake. Hakuna afisa hata mmoja aliyebishana nasi juu ya hayo. Kilichokosekana kila mara ni mstari wa bajeti wenye jina la jengo na neno "rampu".

Mwaka wa fedha wa kaunti huanza tarehe 1 Julai. Watu wengi hujitokeza kwenye vikao vya maoni ya umma vya Aprili na Mei, na hapo wamechelewa. Makadirio ya bajeti yanatakiwa yawe bungeni, kwenye bunge la kaunti, kufikia 30 Aprili, na kuingiza mradi mpya wakati huo ni kumnyang'anya mwingine wake. Mlango ni ule mpango wa maendeleo wa mwaka, ADP, ambao huwasilishwa bungeni kufikia 1 Septemba, yaani karibu miezi kumi kabla ya pesa kuanza kutumika. Baadaye, kufikia 28 Februari, huja waraka wa mkakati wa fedha unaogawa mafungu ya idara. Mzunguko wa kwanza tulikwenda Aprili, tukasikilizwa kwa heshima na kupigiwa makofi, tukatoka mikono mitupu. Mzunguko uliofuata barua yetu ilikuwa mezani kwa msimamizi wa wodi mapema Julai.

Barua iwe ukurasa mmoja. Yetu ilitaja jengo, kimo cha sakafu kutoka ardhini, urefu wa rampu unaohitajika, na vifaa kwa makadirio. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, uirudishe nyumbani. Maafisa huhamishwa, na anayekuja hajui lolote. Nakala yenye muhuri ndiyo humwonyesha kwamba jambo halianzi leo. MCA, yaani mwakilishi wa wodi kwenye bunge la kaunti, apewe yake pia, siku hiyo hiyo.

Mradi ulipoingia kwenye ADP uliandikwa "ukarabati wa zahanati". Maneno hayo yanatosha kununua rangi na vioo vya madirisha, pesa ziishe. Kwa hiyo tuliomba kuona orodha ya vipimo na gharama, ile mafundi wote huita BQ, kabla ya zabuni kutangazwa. Tulitumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016: unaandika ombi, na afisi ina siku 21 za kujibu. Wakikaa kimya, unapeleka malalamiko kwa Ombudsman, tume inayopokea malalamiko dhidi ya afisi za umma. Kwetu BQ ilitoka kabla ya siku kuisha, na tulipoifungua rampu ilikuwa imeandikwa kwa neno moja tu: bila mwinamo, bila upana, bila vyuma vya kushikilia. Ningependa kila kikundi cha watu wenye ulemavu kishike hili: lisiloandikwa kwenye BQ kwa tarakimu halijengwi, na likijengwa ni kwa kubahatisha.

Basi vipimo. Kimo hupimwa kwa mpira mwembamba wa maji unaoonekana ndani, wa mita 15 hivi. Ncha moja inashikwa kwenye sakafu ya baraza, ya pili inasimamishwa pale mtu atakapoanzia kupanda. Maji yakitulia yatasimama usawa mmoja pande zote mbili. Pima kutoka maji hadi chini kila upande, toa, umepata kimo. Kosa la kawaida ni kupima kwenye unyayo wa ngazi. Pale tulipata sentimita 48, ngazi tatu za 16. Lakini ardhi ilikuwa imeinamishwa kutoka kwenye ukuta ili mvua itiririke, na mahali rampu ingeanzia palikuwa chini kwa sentimita 6 zaidi. Kimo cha kweli kilikuwa 54. Hizo 6 zikisahaulika, fundi huzimalizia mwishoni kwa kuukaza mwinamo, na mita ya mwisho ya rampu inakuwa ukuta.

Mwinamo usizidi 1 kwa 12: kila sentimita 1 ya kupanda ilipwe kwa sentimita 12 za kwenda mbele. 54 mara 12 ni 648, yaani mita 6.48. Mchoro wa kwanza wa mkandarasi ulikuwa na rampu ya mita 2.5. Piga hesabu: huo ni 1 kwa 4.6. Mtu akiupanda mwenyewe, magurudumu ya mbele huinuka na kiti kinataka kupinduka kinyumenyume. Akishuka mvua ikiwa imenyesha, viganja vyake ndivyo breki. Na 1 kwa 12 yenyewe ni kikomo. Penye nafasi, 1 kwa 15 au 1 kwa 20 ni bora zaidi, hasa kwa anayetembea kwa magongo na mama mwenye mimba ya miezi minane.

Nafasi yetu hadi mtaro ilikuwa mita 5.8. Rampu ya moja kwa moja isingetosha, ndipo hoja ya kuifupisha ilipozaliwa. Jawabu ni kuikunja. Tuliigawa vipande viwili vya mita 3.24, kimoja kikiambaa ukuta, cha pili kikigeuka kuelekea lango, na kati yao kituo tambarare cha mita 1.5 kwa 1.5. Vituo vya kipimo hicho hicho viko juu mlangoni na chini mwanzoni. Kituo cha juu hakiachiki: mtu akifika mlangoni huku kiti kingali kwenye mwinamo, atavutaje mlango akiwa anarudi nyuma? Upana tuliweka mita 1.5 badala ya 1.2, kwa sababu wengi wetu huja kwa baiskeli za magurudumu matatu, ambazo ni pana kuliko kiti cha hospitali.

Jambo lililotusumbua zaidi ni udongo. Uwanda wa Kano ni udongo mweusi ule unaovimba ukinywa maji na kupasuka nyufa za kuingiza mkono wakati wa kiangazi. Ukimwaga zege juu yake moja kwa moja, msimu mmoja wa mvua za Machi hadi Mei unatosha kuinua upande mmoja na kuangusha mwingine. Tulidai BQ iseme: chimba sentimita 60, ondoa udongo mweusi wote, jaza maramu, ule udongo mwekundu wa changarawe, kwa matabaka ya sentimita 15, kila tabaka limwagiliwe kidogo na kushindiliwa kabla ya linalofuata. Eneo lote na vituo vyake lilikuwa mita za mraba 16.5 hivi, kwa hiyo shimo ni karibu mita za ujazo 10. Maramu hupungua ikishindiliwa, basi agiza kama 13. Kwa lori zetu hizo zilikuwa safari tatu. Kuta za pembeni zikawa za bloku za inchi 6, katikati mawe, juu yake wavu wa chuma (BRC) na zege ya unene wa sentimita 10. Zege hiyo ni mita za ujazo 1.65, na kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) hula mifuko 11 ya kilo 50, bila kuhesabu ya bloku na plasta. Mwagilia siku saba. Mafundi hupenda kuacha siku ya tatu.

Rampu isishikanishwe na jengo. Jengo lina msingi wake wa kina na limeshatulia. Rampu bado itatulia. Ukizifunga pamoja, zege hupasuka pale pale mlangoni. Acha pengo la sentimita 1 hadi 1.5, lijazwe kitu laini kinachobanika na kufunikwa juu dhidi ya maji.

Kukagua mwinamo hakuhitaji mhandisi. Chukua ubao ulionyooka wa sentimita 120, pigilia kipande cha sentimita 10 chini ya ncha moja. Ulaze kwenye rampu, ncha yenye kipande ikiwa upande wa chini, uweke pima maji juu. Kipovu kikikaa katikati, mwinamo ni 1 kwa 12 kamili. Kikikimbilia upande wa juu, rampu ni kali mno. Tulikagua maramu na mawe kabla ya zege, kila nusu mita, na kipande cha pili kikaonyesha ukali kwenye mita ya mwisho. Ilirekebishwa kwa koleo mchana ule ule. Baada ya zege ingekuwa nyundo na vita vya maneno.

Uso wa zege usilainishwe kwa mwiko wa chuma. Ukivutia, unateleza. Piga kwa mwiko wa mbao, kisha vuta ufagio mgumu kukatiza njia, mistari ilale kushoto kulia. Pembeni inua ukingo wa sentimita 10 ili gurudumu la mbele lisichomoke. Vyuma vya kushikilia viwe pande zote mbili, bomba la kipenyo cha milimita 40 hivi, la juu kwa sentimita 90 na la pili kwa 70 kwa ajili ya watoto na walioketi. Vipite mwanzo na mwisho wa rampu kwa sentimita 30, kwa sababu mtu asiyeona huujua mwisho kwa mkono kabla ya mguu. Nguzo zizikwe kina cha sentimita 30 na viungo vichomelewe. Vya kufungwa kwa bolti huishia kwa wanunuzi wa vyuma kuukuu.

Mlango nao ulikuwa wa bawa mbili, kila moja sentimita 60, na moja hufungwa kwa komeo kutwa nzima. Upana ulikuwepo ila haukutumika. Tulibadilisha ukawa bawa la sentimita 90 na jingine la 30, kizingiti kikasawazishwa kisizidi sentimita 1. Dirisha la dawa lilishushwa sehemu yake moja hadi sentimita 80. Kwa wasiosikia, namba za foleni sasa huandikwa kwenye kadi na kuonyeshwa, badala ya kuitwa kwa sauti pekee.

Kabla kamati ya ukaguzi na upokeaji haijatia sahihi, tuliomba watumiaji watatu wapande: wa kiti, wa magongo, na asiyeona. Mama wa kiti alipanda hadi kituo cha kati, akapumua, akamalizia. Kisha akatuonyesha jambo ambalo hakuna kipimo chetu kilichoona: maji ya gata la paa yalimwagika moja kwa moja juu ya kituo cha juu, na ukijani ulikuwa umeshaanza. Bomba liligeuzwa likapelekwa mtaroni.

Mvua ndefu zilipokwisha, kituo cha chini kilikuwa kimezama upande wa mtaro, kikaacha ngazi ndogo ya sentimita 4 baina yake na mwinamo. Gurudumu dogo la mbele hukwama kwenye ngazi ndogo ya sentimita 2 tu. Tulipofukua tulikuta maramu ya pembeni haikushindiliwa, na maji ya mtaro yalikuwa yameipekecha. Mkataba ulikuwa na miezi sita ya dhamana na asilimia 10 ya malipo ilikuwa haijatolewa, kwa hiyo mkandarasi alirudi, akavunja kituo kile, akashindilia upya na kujengea ukuta wa mtaro. Ingekuwa tumekagua mwezi wa saba baada ya kupokea kazi, gharama ingekuwa ya wodi. Andika tarehe ya mwisho wa dhamana ukutani kwako, uende na ubao wako wiki mbili kabla.

Choo bado. Kwa sababu maji yako karibu na uso wa ardhi, vyoo vya shimo huku hujengwa juu, na cha zahanati kimeinuka sentimita 90. Rampu yake ingehitaji mita 10.8 na kituo cha kupumzikia katikati. Tumependekeza choo kipya kishikane na baraza, sakafu moja na zahanati, kikiwa na tangi la maji taka badala ya shimo: mlango wa sentimita 90 unaofunguka nje, duara tupu la mita 1.5 la kugeuzia kiti, bakuli la kimo cha sentimita 45 hadi 48, na vyuma viwili vya kushikilia. Barua ina muhuri wa Julai, na tunasubiri ADP ya 1 Septemba.